Maziwa Hayaandikwi Kwenye Ukoo

Wiki iliyopita tulimwacha Shamima akicheka peke yake chumbani, nami nikawaonya msicheke naye. Leo mtaona kwa nini.

Kwa aliyeingia sasa hivi, kisa ni hiki. Shamima ni binti wa Idrisi, mwenye bucha pale Maua mjini. Anapendana na Yasser, kijana anayesafirisha miraa kutoka Laare kwa malori aliyoachiwa na marehemu baba yake, Warsame. Walikutana kwa sababu ya farasi. Si farasi wa kula nyasi, la, farasi wa ndani ya simu. Shamima na Ilhan, dada yake Yasser, wanacheza gemu moja ya kufuga farasi, kuwapandisha na kuwashindanisha. Yasser alikuwa akitumwa kumwita dada yake arudi nyumbani, naye akifika anasahau alichotumwa.

Kikwazo kilikuwa mama yao, Dhahabo. Muda wote huo swali lake lilikuwa moja tu: "Ukoo wake ni gani?" Yeye anaweza kuwataja mababu wa marehemu mumewe mpaka pumzi imwishie. Ukimuuliza Idrisi babu yake alitoka wapi, atakwambia wengine husema Unubi, wengine Ukambani, na yeye hajali.

"Mimi ni mtu wa bucha," alimjibu Dhahabo mbele ya watu. "Ng'ombe akiletwa namshika mgongo. Simuulizi nyanya yake."

Jibu hilo karibu liue posa. Lakini Yasser akaapa kwamba asipomwoa Shamima hataoa kabisa, na mama akasalimu amri shingo upande. Ndoa ni Ijumaa hii baada ya swala. Na Jumatano, Dhahabo akaja nyumbani kwa kina Shamima kwa mara yake ya kwanza.

Shamima mwenyewe amenikubalia niyaseme haya yote, hata yale yanayomwaibisha. "Usinipambe," aliniambia. Basi simpambi.

Dhahabo alikuja mapema kuliko walivyoagana. Idrisi alikuwa bucha, na Aminah, mama yake Shamima, alikuwa bado sokoni akitafuta vitunguu vya pilau. Bibi arusi akajikuta peke yake na mama mkwe, hata chai haijachemka.

Dhahabo alikaa kwenye kochi bila kuegemea. Akatazama pazia. Akatazama kabati. Akatazama dari, palipokuwa na alama ya maji ya mvua.

Ilhan, yeye alikuwa ameshajitupa mkekani na simu yake.

"Shamima, hebu kubali bana! Nimekutumia ombi tangu asubuhi."

"Ombi gani?"

"La Sultani na Mawingu. Wapandane, tupate mtoto wa kunyamazisha watu wote kwa hii gemu. Na ni zawadi yangu ya harusi, usikatae."

Sultani ni dume la Ilhan. Ukurasa wake wa ukoo umejaa majina, unasukuma kidole mpaka kinachoka. Mawingu ni jike la Shamima, aliyemchukua bure kwenye zizi la mayatima akiwa mtoto mchanga. Ukurasa wake una maneno mawili tu: asili haijulikani. Na bado, mbio ndefu zote, Mawingu humwacha Sultani nyuma akila vumbi.

"Hata farasi wana ukoo?" Dhahabo akauliza. Ndilo neno lake la kwanza tangu salamu.

"Eeh, Hooyo!" Ilhan akaruka, maana kwao, Wasomali, mama huitwa Hooyo. "Ukoo ndio kila kitu. Farasi bila ukoo hakuna mtu anamtaka."

Shamima alijua anyamaze. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwamba ulimi aliushika kwa meno. Lakini Mawingu ni Mawingu.

"Si kila kitu," akasema.

Dhahabo akageuza kichwa polepole. "Ati?"

"Mama, ukoo unakuonyesha tu mahali pa kutafuta. Mtoto harithi jina. Anarithi ile kitu baba na mama yake wako nayo kweli. Kama babu alikuwa na mbio na baba hana, jina la babu linapandisha bei peke yake. Mbio haliongezi."

"Kwa hivyo ukoo si kitu."

Jamani! Siku mbili kabla ya ndoa, mbele ya mwanamke yule, kwenye kochi lile.

"Sijasema si kitu, Mama. Usipouangalia unaweza kupandisha ndugu kwa ndugu bila kujua. Ilhan alifanya hivyo. Alipandisha binamu kwa binamu, halafu binamu tena, ati damu ibaki safi. Watoto wote wakatoka na miguu mibovu."

"Wacha kunianika!" Ilhan akafoka.

Dhahabo akaweka mikono magotini. "Mimi na marehemu Warsame tulikuwa binamu. Niambie wewe, miguu ya Yasser ina shida gani?"

"Haina shida, Mama! Wallahi haina. Ni miguu mizuri sana."

Ilhan akaangua kicheko mpaka akalala chali. Shamima akafunika uso kwa mtandio. Bibi arusi kumsifia mama mkwe miguu ya mwanawe, ni aibu ambayo hata mimi nashindwa kuisimulia vizuri.

Mdomo wa Dhahabo ukatikisika kidogo. Lakini hakucheka.

"Basi hawa si ndugu," Ilhan akasema akifuta macho. "Sultani ana ukoo, Mawingu hana. Hakuna pale wanakutana. Bonyeza kubali tumalize."

Katika gemu ile, farasi wa watu wawili hawapandishwi mpaka wenyewe wote wawili wakubali. Ilhan alikuwa ameshakubali. Imebaki kidole cha Shamima.

"Siwezi," Shamima akasema.

"Kwa nini?"

"Walinyonya mama mmoja."

Ilhan akamkodolea macho.

"Umesahau? Mawingu nilimtoa kwa mayatima akiwa anakufa njaa. Ukaniazima jike lako Malkia amnyonyeshe. Malkia alikuwa ananyonyesha nani wakati huo?"

"Sultani. Sasa?"

"Sasa ni ndugu wa kunyonya. Siwapandishi."

"Shamima! Ni gemu! Angalia huu ukurasa, umeandika damu peke yake. Maziwa hawaandiki."

"Najua hawaandiki. Lakini mimi najua. Kila nikitaka kubonyeza, kidole kinakataa."

"Aki wewe ni mshamba. Hii gemu imetengenezwa na wazungu, hawajui mambo ya kunyonya."

"Wao hawajui. Mimi nimefundishwa."

Hapo ndipo Dhahabo alipoegemea kochi. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, aliuachia mgongo wake.

"Mashallah," akasema. Sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Mashallah, binti yangu. Ilhan, umesikia? Mimi nimekulea, nimekusomesha dini, na wewe hukukumbuka. Huyu niliyekuwa nauliza ukoo wake ndiye amekumbuka, tena kwa farasi wa simu."

Shamima hakuamini masikio yake. Miezi ya kuombewa na watu, ya kusemewa na masheikh, haikufungua moyo wa yule mama. Sasa farasi wawili wasiokuwepo wameufungua mchana kweupe. Furaha ilimjaa mpaka kooni.

Laiti Dhahabo angeishia hapo.

"Njoo ukae hapa," akapigapiga kochi. Shamima akaenda, akakaa. "Nikuambie kitu, hata Yasser sijawahi kumwambia. Mimi pia nina mtoto wa kunyonya. Yuko mahali fulani duniani, na sijui ni wapi."

"Hooyo, kweli?" Ilhan akainuka.

"Ni wakati nilipokuzaa wewe. Nilikuwa nasafiri na babako kwa lori, uchungu ukanishika njiani. Akanikimbiza hospitali ya Embu. Nikajifungua salama, alhamdulillahi. Kitanda cha pili palikuwa na mwanamke wa Kimeru, ametoka damu mpaka amekuwa mweupe. Hajijui. Na mtoto wake analia, analia, analia. Wauguzi ni wachache, wanakimbia huku na huku. Mimi nikamchukua yule mtoto nikamweka upande mmoja, na wewe upande mwingine."

Akatazama mikono yake mwenyewe.

"Alikuwa msichana. Alinyonya kama mtu anayegombana. Mpaka lori likarudi kunichukua, nilikuwa nampa ziwa. Nilipoondoka mama yake ndio anaanza kufungua macho, hata hatukusalimiana. Kila nikiomba dua, mtoto yule yumo. Ningempata leo, wallahi ningemkalisha juu ya kichwa changu."

"Mama yake aliitwa nani?" Ilhan akauliza.

"Nilisoma kwenye kitanda. Virginia."

Wasomaji, mimi nawaambia sasa alichokijua Shamima peke yake pale chumbani. Mama yake, huyu anayeitwa Aminah leo, alizaliwa Kanyakine, akabatizwa kanisani, akaolewa na Idrisi akiwa bado Mkristo. Alisilimu baada ya kumzaa Shamima, kwa kuwa alipona pale ambapo hakuna aliyetarajia apone. Kabla ya hapo aliitwa Virginia.

Na kila Shamima alipougua utotoni, mama alimpapasa kichwa akimwambia maneno yale yale: "Wewe uliokolewa na maziwa ya Msomali mmoja, kule Embu. Huwezi kushindwa na homa."

Ilikuwa hadithi ya kumbembeleza alale. Hakuna aliyewahi kufikiri zaidi ya hapo.

"Umepauka," Dhahabo akamwambia. "Una njaa?"

"Naenda kuangalia chai, Mama."

Alipita jikoni bila kuiangalia chai. Akatoka mlango wa nyuma, akasimama kando ya tangi la maji, akashika ukuta. Kisha akili ikamjia mbio, kama inavyomjia mtu anayezama.

Alinyonya na Ilhan! Si na Yasser. Yasser alikuwa ameshaacha kunyonya zamani, alikuwa mtoto mkubwa anayekimbia. Kwa hivyo ndugu yake ni Ilhan peke yake. Yasser si ndugu. Yasser hayumo!

Akashika simu, akampigia Mwalimu Khalifa, aliyemfundisha madrasa tangu akiwa na meno ya utoto.

"Mwalimu, shikamoo. Nina swali la gemu."

"Marahaba. La nini?"

"La farasi, Mwalimu. Kuna mtoto wa farasi alinyonyeshwa na jike ambaye si mama yake. Alinyonya pamoja na mtoto mmoja wa yule jike. Sasa yule jike alikuwa na mtoto mwingine mkubwa, dume. Hawa wanaweza kupandana?"

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. "Shamima, farasi hawafungi ndoa! Wapandishe tu, mwanangu. Wewe na ndoa yako Ijumaa, bado unacheza?"

"Na kama wangekuwa watu?"

"Watu? Hapo ni mambo mengine. Mtoto akinyonya kwa mama, yule mama ni mama yake. Na watoto wote wa yule mama ni ndugu zake, waliotangulia na watakaofuata. Si yule wa siku ile peke yake."

"Wote?"

"Wote. Hata wale ambao hawajazaliwa."

Shamima akafumba macho. Ile kamba aliyoishika ikakatika mkononi mwake. Akatafuta nyingine.

"Hata akinyonya kidogo, Mwalimu?"

"La, kidogo hakufungi. Sisi tunasema mara tano, kila mara ya kushiba, mtoto mwenyewe aache ziwa. Chini ya hapo hakuna kitu."

"Na nani atajua ni mara ngapi?"

"Si yule aliyenyonyesha? Yeye ndiye anayejua. Akisema hazikufika tano, basi. Akisema zilifika, watu watengane." Mwalimu akashusha sauti. "Shamima. Nani anauliza?"

"Ni gemu tu, Mwalimu."

"Sawa. Lakini nikuambie, mtu asiyejua hana lawama. Mtu akijua akanyamaza, huyo ndiye mwenye mzigo."

Alikata simu kabla Mwalimu hajamaliza kumwombea. Kumkatia Mwalimu simu, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani mwake.

Mara tano. Huenda alinyonya nne. Huenda lori la Warsame lilirudi upesi. Alikuwa mtoto mchanga, watoto wachanga hulala tu. Huenda mara tatu! Shamima alisimama pale kwenye tangi akiomba kwamba wakati ule, akiwa na njaa ya kufa, awe amekula kidogo. Ndivyo alivyofikishwa binti wa watu. Ananiambia alijionea huruma na kujichukia kwa wakati mmoja.

Akafuta uso. Akafungua mlango wa jikoni.

Mama yake alikuwa amesimama ndani.

Aminah alikuwa amerudi kwa mlango wa pembeni wa jikoni, ule wa upande wa majirani. Kapu la vitunguu lilikuwa mkononi bado, hajaliweka chini. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia linalotenga jiko na sebule, na upande wa pili sauti ya Dhahabo ilikuwa ikimwendelezea Ilhan hadithi ile ile.

"...nani angekaa akihesabu? Alinyonya, akashiba, akalala. Akaamka, akanyonya tena..."

Shamima akamtazama mama yake. Mama akaweka kidole mdomoni.

"Umesikia?" Shamima akanong'ona.

"Nimesikia."

"Ni yeye?"

Kapu likainama mkononi mwa Aminah, kitunguu kimoja kikaanguka kikaviringika mpaka chini ya meza.

"Mama, nijibu. Ni yeye?"

"Nilikuwa sijijui, nitajuaje? Niliambiwa tu ni Msomali. Wasomali ni wangapi duniani?"

"Lakini Yasser alipoleta posa, hukufikiria?"

"Kai, Shamima! Nilikuwa Mkristo wakati huo. Kwetu Kanyakine mtoto akinyonyeshwa na jirani, unashukuru, unampelekea ndizi, mambo yanaisha. Hakuna mtu alinikalisha chini akaniambia maziwa inafanya ndugu. Nilipokuja kusikia hayo msikitini, wewe ulikuwa umeshakuwa mkubwa, na yule mama nilijua sitamwona tena."

"Sasa umemwona."

"Nimemwona."

"Tutamwambia?"

Aminah akamshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili. Mikono ilinuka udongo wa vitunguu.

"Mwari wakwa," akasema, yaani binti yangu, kama anavyosema mambo yakimzidi, Kimeru kikimtoka chenyewe. "Huyu mama amekukataa mpaka ukakonda. Nilikusikia ukilia ukidhani nimelala. Leo amekuita binti yangu. Nimemsikia sasa hivi akimwambia Ilhan. Wewe unataka nifungue mdomo nikuvunjie?"

"Mama, nimekataa kupandisha farasi."

"Farasi?"

"Wa simu. Nimekataa kwa sababu ya maziwa. Mbele yake. Ndiyo sababu amenipenda."

Aminah alimwangalia mwanawe, na Shamima anasema hajawahi kuona macho ya mama yake yakiwa vile. Kisha akajifunga leso vizuri, akapangusa mikono, akalivuta pazia.

"Asalamu aleikum, Mama Yasser! Karibu sana. Unisamehe, soko leo limenichelewesha."

"Waaleikum salaam." Dhahabo akainuka. Wakashikana mikono. Dhahabo hakuuachia ule mkono. Alimtazama Aminah usoni, akainamisha kichwa upande mmoja, akatazama tena.

"Uso wako kama nimeuona mahali."

"Maua ni ndogo. Tumepishana tu."

"Labda." Lakini bado hakuuachia mkono.

Shamima alisimama kwenye pazia na sinia tupu. Chai aliisahau. Alikuwa akimwomba Mungu Dhahabo aketi, tu aketi, azungumzie pilau, azungumzie mvua, azungumzie lile doa la dari.

Dhahabo akaketi. Shamima akashusha pumzi.

"Hooyo," Ilhan akasema, macho yakiwa kwenye simu, "si babake Shamima alikuwa na bucha Runyenjes kabla waje Maua? Shamima ulizaliwa huko, ama?"

Mtoto yule! Hana ubaya hata kidogo, na hiyo ndiyo shida yake.

"Runyenjes?" Dhahabo akauliza. "Hapo karibu na Embu?"

Shamima akaigeuza sinia tupu mikononi.

"Mnalingana na Ilhan," Dhahabo akamwambia Shamima taratibu. "Si mlisema mlizaliwa mwezi mmoja, mkawa mnacheka?"

"Eeh," Ilhan akasema. "Tulikuwa tunasema sisi ni mapacha." Kisha akainua macho kutoka kwenye simu.

Dhahabo akamgeukia Aminah. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa laini, na Shamima anasema ulaini ule ndio uliomtisha, kwa sababu ulikuwa umejaa matumaini. Mwanamke yule hakuwa akitafuta kosa. Alikuwa akimtafuta mtoto wake.

"Mama Shamima, nisamehe kwa kuuliza. Watu husema ulisilimu. Kabla ya hapo uliitwa nani?"

Shamima akamtazama mama yake. Akatikisa kichwa. Hata leo hajui alikuwa akimwambia asiseme kweli au asiseme uongo.

Aminah akatabasamu.

"Caroline," akasema. "Niliitwa Caroline."

Dhahabo akashusha mabega. Akaonekana mzee ghafla. Alipapasa mkoba wake kama mtu anayetafuta kitu asichokumbuka ni nini, kisha akajikaza, akacheka kidogo.

"Basi. Nimezeeka. Kila msichana wa rika la Ilhan nikimwona namwuliza mama yake maswali. Wataniita mwendawazimu."

"Hapana, Mama Yasser. Ni moyo mzuri," Aminah akasema. Machozi yalikuwa yamemjaa, na Dhahabo alidhani ni ya huruma.

"Yule sitampata tena. Lakini Mungu ameniletea mwingine." Dhahabo akamnyoshea Shamima mikono. "Njoo hapa. Hooyo wataniita hawa niliowazaa. Wewe niite Mama. Ukiniita nitaitika, hata nikiwa nimelala. Ukoo wako sitauliza tena mpaka nife."

Akamvuta, akamkumbatia. Shamima akajikuta amelaza kichwa kwenye kifua kile. Kilikuwa na joto na harufu ya udi. Alitaka kuondoka pale, na hakutaka kuondoka, na juu ya bega la Dhahabo alimwona mama yake aliyemzaa amesimama na leso mdomoni.

Sentensi ya maneno manne ingetosha: mama yangu ni Virginia. Akiyasema, Yasser amekwenda. Na mama yake ataitwa mwongo mbele ya mji mzima. Asipoyasema, Ijumaa atakaa nyuma ya pazia la msikiti, aulizwe kama amekubali, na aseme amekubali.

"Sasa maliza zawadi yangu," Ilhan akasema kwa sauti ndogo. Hakuwa akicheka tena. Alikuwa akimtazama Shamima kwa namna ambayo hajawahi kumtazama, akiipima pua yake, paji la uso wake, mikono yake. Akampa simu. "Ombi bado liko. Kama hawa farasi si ndugu, bonyeza."

Kwenye kioo walikuwa wamesimama wawili, Sultani na Mawingu, wanapepesa macho. Chini yao pameandikwa: kubali, kataa. Shamima akafungua ukurasa wa ukoo. Ulikuwa safi. Upande mmoja majina mengi, upande wa pili asili haijulikani. Hakuna mahali popote palipoandikwa Malkia na maziwa yake.

Kidole chake kikasimama juu ya kioo. Nje, lori likapiga honi mara mbili, ile honi ya Yasser inayojulikana mtaa mzima. Amekuja kumchukua mama yake. Mlango wa gari ukafungwa, na miguu ikaanza kupanda ngazi.

Shamima akaiweka simu chini, kifudifudi.

"Mama," akaita.

Wanawake wote wawili wakaitika.